Siku Papa Shabani Hakuanguka

Vijana wangu, nyinyi mnaoanza kazi ya kuketi mbele ya ekrani za kamera, mwenye simu aiweke kando kidogo. Nataka kuwaeleza habari za kengele. Najua mtasema kwamba mmeshafundishwa. Hata fundi aliyetufungia kamera zetu alikuwa amefundishwa, na tazameni alivyotufanyia.

Kwanza mnijue. Mjini Kindu wananiita Mama Sireni. Nilibatizwa Veronika, lakini hilo jina halitumiki tena, hata mchungaji wangu akinitafuta kanisani anauliza Mama Sireni ameketi wapi. Nilifanya kazi kwenye depo moja kando ya mto, depo ya mchele, saruji na mafuta ya mawese, na watu wa miji ya Kampene na Kama walikuwa wakija kununua vitu vya kupeleka machimboni. Wengi walidhani kazi yangu ilikuwa kuangalia wezi. Si kweli. Katika miaka yote ile nilikuwa nikiielewesha programu kwamba huyu si mwizi, na huyu si mwizi, na yule ni mbuzi.

Fundi alitoka Goma. Alifunga kamera, akaingiza programu kwenye kompyuta, akawasha kila kengele iliyomo, ya mwendo, ya mtu kuvuka mstari, ya kitu kilichoachwa, ya mtu kuanguka, zote, ili Patroni, mwenye depo, aone kwamba hela yake imefanya kazi. Kisha akapanda ndege akaenda zake. Patroni mwenyewe alikaa Bukavu, na kila kengele ikilia hapa, ujumbe uliruka hadi kwenye simu yake kule. Siku ya kwanza sireni ililia kwa ajili ya mbuzi. Ikalia kwa ajili ya baiskeli za barabarani, ambazo Kindu hazina mwisho. Ikalia kwa liputa, kitenge cha kujifunga, ya jirani yetu Mama Asumini, iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba na upepo ukaijaza, programu ikaona mwanamke mnene anataka kuruka ukuta. Kufikia jioni mbuzi walikuwa wameizoea sireni na wamelala chini yake. Mimi ndiye sikuizoea.

Basi nikaanza kujifunza kuchora maeneo. Mnajua, unashika kipanya na kuiambia programu, hapa angalia, hapa achana napo. Eneo langu la kwanza lilitoka na umbo la jani la muhogo, na kidole kimoja cha lile jani kikagusa mlango wa choo. Sikukiona. Kwa siku kadhaa kila mfanyakazi aliyeenda msalani alitangazwa kwa sireni, na Patroni huko Bukavu akapata ujumbe. Wachukuzi wetu, watu wenye mabega mapana, wakaanza kwenda kujisaidia kwa jirani mmoja mmoja kwa aibu, mpaka Mama Asumini akaja getini.

"Mama Veronika," akaniambia, maana siku zile bado nilikuwa na jina, "hii choo yangu njo imekuwa ya depo? Wanaume wako wanapanga musitari."

Nikaenda kutembea mwenyewe mbele ya kamera, hatua kwa hatua, nikaona kosa liko wapi. Tangu siku hiyo, kila nikichora eneo nilitoka nje kulitembea kwa miguu yangu. Nanyi fanyeni hivyo. Usiamini mchoro ambao hujautembea, hasa kama kuna choo karibu.

Kulikuwa pia na kile kipaza sauti. Fundi alikiacha kikisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya mwanamke mpole, kwamba mahali hapa panalindwa. Kila mtu akipita karibu na ukuta kinasema. Sasa nyinyi mnatujua watu wa Kindu. Sauti ikikusemesha barabarani, utapita bila kuitika? Watu wakawa wanasimama. Wamama wenye vikapu vya sombe, majani ya muhogo, kichwani wanasimama, wanageukia ukuta, wanajibu, "Bonjour, mama. Habari ya kwako?" Kwa kuwa wamesimama ndani ya eneo, sauti inarudia tena, nao wanajibu tena. Kuna bibi mmoja alikasirika kabisa. Alisema huyo mwanamke wa ndani hana adabu, yeye amemuuliza habari za watoto na za mume, na mwenzake anarudia neno lilelile. Nilikizima kile kipaza sauti, na kwa wiki nzima watu waliuliza kama yule mama amehama.

Na lenzi ifuteni kwa kitambaa safi. Mlinzi mmoja wa zamu alifuta lenzi kwa kitambaa chenye mawese, na asubuhi yote niliona Kindu nyekundu, mto mwekundu, wachukuzi wekundu, nikadhani ni macho yangu. Nilikuwa nimeshafika kwa daktari.

Lakini kuhusu wepesi wa kengele kushtuka, hapo lazima niwarudishe nyuma, miaka ya vita, maana somo hilo sikulipata kwa kompyuta. Nililipata kwa sufuria.

Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, chumvi ilikuwa kitu cha kuota, na wenye bunduki wangeweza kuingia saa yoyote, wa upande huu au wa upande ule, kwetu walifanana. Mimi nilikuwa msichana, tulikaa mtaa wa Mikelenge. Kwenye avenyu yetu hatukuwa na polisi wala simu, tulikuwa na sufuria. Mwenye kuona hatari anapiga, wengine wanasikia. Kazi ya kupanga mambo hayo walimpa Papa Shabani, mwanamume mrefu, Mwislamu wa kusali sala zote, ambaye kabla ya vita alikuwa mlinzi wa stesheni. Yeye ndiye mwalimu wangu wa kengele, ingawa siku hizo hakuna aliyejua kwamba ninafundishwa.

Papa Shabani aliweka milio miwili tu. Wa haraka, usiopumua, maana yake kimbieni porini. Wa polepole, mbili, unapumua, mbili, unapumua, maana yake njooni, mtu ana shida. Alipita nyumba kwa nyumba na sufuria yake, anatugongea na kutuuliza huu ni upi. Ukikosea hatoki mlangoni kwako.

Shida ilikuwa mpigaji. Mwanzoni walimpa Mama Feza, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya kwanza kutoka barabarani. Mama Feza alikuwa akishtuka kwa lolote. Upepo, mjusi, mume wake akirudi mapema. Mchana mmoja alipiga mlio wa haraka, na avenyu nzima tukaingia kwenye mashamba ya muhogo. Baba yangu alikimbia na mlango wa nyumba, aliung'oa kwenye bawaba akaubeba kichwani, mpaka leo hakuna anayejua alitaka kuufanyia nini. Mimi nilikimbia na kuku, na hakuwa kuku wetu. Tukalala kifudifudi kwenye udongo mpaka jua likapungua, kisha Mama Feza akakiri kwamba ilikuwa ni kenge. Tunacheka sasa. Siku ile niliogopa kweli, na mwenye kuku alikuwa akinisubiri nyumbani.

Basi wakambadilisha, wakampa kazi Baba Kalume, aliyekaa ng'ambo ya njia. Baba Kalume hakushtuka kwa chochote. Wezi walimjia mchana kweupe, wakachukua redio yake, mbuzi wake na suruali iliyokuwa kwenye kamba, naye ameketi barazani na sufuria mapajani. Tulipomuuliza alisema, "Nilikuwa nataka kwanza nijue kama njo wezi kweli."

Hapo ndipo Papa Shabani alipofanya jambo ambalo sijaona fundi yeyote kutoka Goma akilifanya vizuri zaidi. Aliwaketisha wote wawili kwenye benchi moja. Sufuria akampa Mama Feza. Mti wa kupigia akampa Baba Kalume. Mama Feza akishtuka, lazima amshawishi Baba Kalume atoe mti. Waligombana kutwa nzima kwenye lile benchi, tuliwasikia toka mbali, lakini mti ulipotoka tulijua ni kweli, na hatukukimbia bure tena. Nilipokuja kuona kwenye programu kwamba unaweza kuziambia kamera mbili zikubaliane kabla sireni haijalia, nilicheka peke yangu pale ofisini. Nikazipa majina. Kamera ya getini Mama Feza, kamera ya ukutani Baba Kalume.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Nilipoingia kazini depo, nani nilimkuta ameketi getini na kofia ya ulinzi? Papa Shabani, mvi tupu, mgongo bado umenyooka. Nilifurahi kama mtoto. Na yeye ndiye aliyeandamwa na kengele ya mtu kuanguka.

Kengele hiyo inaangalia mtu. Mtu akisimama, haisemi kitu. Mtu akishuka chini ghafla na akakaa chini, inasema ameanguka. Papa Shabani alikuwa akitandika mkeka wake uani, mbele ya kamera ya tatu, adhuhuri na alasiri. Anasimama, anainama, anasujudu. Sireni. Anainuka, anasujudu tena. Sireni. Yeye hageuki hata kidogo, anamaliza sala yake katikati ya makelele yale, anakunja mkeka, anarudi getini. Huko Bukavu simu ya Patroni inajaa, mtu ameanguka, mtu ameanguka, mtu ameanguka.

Patroni akanipigia.

"Mama, ule muzee anakunywaka lutuku?"

"Hapana, Patroni. Papa Shabani hajagusa pombe tangu azaliwe."

"Sasa kwa nini saa sita anaanguka, saa tisa anaanguka? Anaanguka, anasimama, anaanguka tena. Mutu mwenye akili yake haangukake hivyo."

"Patroni, muzee iko nasali."

"Hata walevi wanasali, Mama."

Nilijaribu kuongeza muda, programu isubiri kidogo kabla ya kusema mtu ameanguka. Lakini sijda za Papa Shabani ni ndefu, ana mengi ya kuomba. Nikaongeza tena muda, sijda nazo zikaonekana kuongezeka. Nikamwendea.

"Papa, huwezi kufupisha kidogo?"

Alinitazama kwa huruma. "Mutoto wangu," akasema, "ile mashini yako njo inipangie namna ya kusali?"

Nikaona haya, nikarudi ndani. Kesho yake Patroni akanipigia na amri. Nikipata ujumbe mmoja tena wa huyo mzee, akasema, mzee aende nyumbani, nitaleta kijana. Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana niliogopa. Papa Shabani alikuwa na wajukuu aliowalea kwa kazi hiyo, na zaidi ya hapo, getini ndipo alipokuwa mtu. Kumwondoa getini kwa sababu ya kusali, mimi nikiwa ndiye mshika kipanya, ningewezaje kupita tena Mikelenge?

Njia rahisi ilikuwa kuizima ile kengele kabisa. Kidole kilikuwa tayari. Nikamkumbuka Baba Kalume na suruali yake. Mzee wa umri ule, peke yake uani, jua la Kindu, kisha macho ya pekee yanayomlinda nimeyafumba? Sikuizima. Niliishusha. Niliiondolea sireni, nikaiondolea ujumbe wa Patroni, nikaibakizia mstari mmoja wa njano pembeni mwa ekrani yangu. Na mahali palipoandikwa mtu ameanguka, nikafuta, nikaandika, Papa Shabani anasali.

Patroni akatulia. Mimi nikawa na saa mpya. Mstari wa njano ukitokea, najua ni adhuhuri, nafungua chakula changu. Ukitokea tena, najua siku inakwenda kwisha. Siku zikapita hivyo, na niseme wazi, niliupenda mstari ule. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilikuwa nikiuona nashusha pumzi.

Halafu ikafika siku moja ya kiangazi, joto la kuyeyusha lami. Nikafungua chakula changu. Nikala samaki, nikala nusu ya ugali, kisha nikajiuliza kwa nini nimeanza kula, maana mstari haujatokea. Tumbo lilikuwa limetangulia. Nikaangalia kamera ya tatu. Ua mtupu. Birika lake la kutawadhia lipo ukutani. Ndara zake zipo. Si Ijumaa, hajaenda msikitini. Nikasubiri kidogo. Hakuna kengele hata moja iliyolia depo nzima, kila kitu kwenye ekrani ni kijani, kizuri, na mimi jasho linanitoka.

Nikatoka nje. Wachukuzi walikuwa wameenda kula upande wa barabarani. Kwa jirani upande wa pili alikuwapo fundi wa masufuria, anayegonga mabati tangu asubuhi hadi jioni, tumeshamzoea hata hatumsikii. Nikasimama katikati ya ua. Fundi anagonga. Nikageuza sikio. Mbili, inapumua. Mbili, inapumua. Hakuna fundi anayegonga bati akipumua namna hiyo.

Haikutoka kwa fundi. Ilitoka kwenye kontena letu la chuma, lile la nyuma, ambalo mlango wake unatazama ukuta na kamera haiuoni. Papa Shabani alikuwa akiweka mkeka wake humo, kwa sababu mkeka wa kwanza ulikuwa umeliwa na mbuzi. Aliingia kuuchukua, mchukuzi akapita na njaa yake, akaona mlango wazi, akausukuma na kuteremsha komeo kama kila siku, akaenda kula.

Nikalishika lile komeo. Likaniunguza mkono, wala halikusogea, maana linataka wanaume wawili na nondo. Nikapiga kelele, lakini barabarani kulikuwa na muziki. Basi nikakimbia ofisini na kubonyeza sireni kwa mkono, sireni kubwa, ile yenyewe. Wachukuzi wakaja mbio vinywa vimejaa. Mama Asumini akaja na mwiko. Bibi yule aliyekasirikia kipaza sauti akaja kuangalia kama mwenzake amerudi.

Komeo likainuka. Papa Shabani akatoka, kanzu imemganda mwilini, mkeka kwapani, kiatu kimoja mkononi, alichokuwa akigongea. Tukamwagia maji, tukamketisha kivulini, nikawa nalia bila aibu. Alikunywa, akapumua, akanishika mkono.

"Mutoto wangu," akasema, "adhuhuri imepita?"

Hapo simu ikalia. Patroni. Sireni kubwa ilikuwa imempelekea ujumbe, hiyo nilikuwa sijaishusha.

"Mama, sireni inalia. Njo ule muzee tena? Ameanguka?"

"Hapana, Patroni," nikasema, na sauti yangu ilikuwa bado na machozi. "Leo hakuanguka. Njo maana nimepiga sireni."

"Unasema nini, Mama?" akauliza. Nikamweleza yote, kontena, komeo, joto, mstari wa njano ambao haukuja. Akaniuliza kama mzee amekula. Nikamwambia hajala, anasali. Na kweli, kupitia mlango wa ofisi niliona ekrani, na pembeni mwake mstari wa njano, Papa Shabani anasali.

"Aache asali," Patroni akasema. "Na ule mesaji yake, unirudishie kwa simu yangu."

Tangu hapo Patroni aliupata ujumbe ule kila adhuhuri, huko Bukavu. Siku ukichelewa alikuwa akinipigia kabla sijaweka kijiko chini. Papa Shabani alipojua, akaniuliza, "Kumbe sala zangu zinapitiaka kwa Patroni? Minaomba viatu vipya tangu mwaka jana." Nikamwambia sijui zinapita wapi, lakini nitapiga simu. Viatu vilikuja na ndege, vikubwa kupita kiasi, akavivaa hivyohivyo.

Kwa hiyo, vijana, mkikuta kengele inawasumbua, msiwe wepesi wa kuizima. Ishusheni, ichoreeni eneo lake, ipeni jina la mtu. Na muijue mpaka siku isipolia mjisikie vibaya.

Siku hizi mimi na Papa Shabani wote tumeacha kazi, na nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa miti tu. Adhuhuri ikifika, natazama juu ya ua. Nikimwona anashuka kwenye mkeka, naenda kupakua chakula. Wiki iliyopita sikumwona. Nilisubiri, nikasubiri tena, kisha nikachukua sufuria na kupiga, mbili, napumua, mbili, napumua. Avenyu nzima ikaja, hata watoto ambao hawakuiona vita, nani aliwafundisha sijui. Papa Shabani akatoka bafuni na taulo, povu la sabuni kichwani, akasimama akatutazama wote. Akatusalimu mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani kwa kila mtu, ndipo akanigeukia.

"Mama Sireni," akasema, "leo nimechelewa kidogo tu. Rudisha sufuria jikoni."